Shikamoo ya Mwimo wa Mlango

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nane na dakika sita mchana. Saa ya ukutani katika sebule ya Aminiel ilionyesha saa nane na dakika kumi, lakini saa hiyo ilitangulia kwa dakika nne, kama ilivyothibitika siku hiyohiyo ilipolinganishwa na redio kwenye taarifa ya habari ya saa saba. Wanaosema kwamba jambo hili lilianza usiku wa manane wanapenda hadithi kuliko ukweli. Lilianza mchana, jua likiwa limetoka baada ya mvua ya asubuhi, mabati yakilia kwa joto, na mtaa mzima wa Moshono umetulia kama wanavyotulia watu waliokwisha kula.

Bibi Elinipa, mama yake Aminiel, alikuwa ameketi chumbani mwake karibu na mlango, akichambua maharage. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Aliinua kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amemsalimu.

Aminiel alikuwa sebuleni. Tabitha, mkewe, alikuwa uani akianika nguo. Geti lilikuwa na komeo kwa ndani. Aminiel alipouliza ni nani anayeitikiwa, mama yake alijibu kwamba ni mtoto fulani mwenye adabu, kwamba siku hizi watoto wa namna hiyo ni wachache, na kwa hiyo asimfukuze.

Bibi Elinipa aliletwa mjini kutoka kwenye migomba na kahawa ya mtelemko wa Meru alipofiwa na mumewe. Huko juu alikuwa amefundisha shule ya Jumapili kwa miaka thelathini na minane, na kitu kimoja ambacho hakuwahi kumsamehe mtu ni salamu iliyopuuzwa. Kwake yeye, shikamoo iliyoachwa bila kuitikiwa ilikuwa kama mtoto aliyeachwa nje kwenye mvua. Tangu macho yalipofifia, alikuwa akiitikia kila sauti iliyomfikia, aijue asiijue, akihofia kumkosea mtu.

Aminiel alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa ametunza stoo ya vifaa vya ujenzi kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na kazi hiyo humfundisha mtu kuamini kwamba kila kilichopungua kina mwizi wake, na kila kelele ina mwenyewe. Siku hiyo alimshuku mtoto wa jirani. Jumatano, mama yake alipoitikia tena katika dakika ileile, alimshuku mke wake kwamba anamchezea mzee. Tabitha akarudi kwenye sufuria yake.

Alhamisi Aminiel aliketi mwenyewe ndani ya chumba cha mama yake, mikono juu ya magoti, akingoja. Ilipofika saa nane na dakika sita, alisikia. Haikuwa sauti ya mtu. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, wa kugonga, kutoka ndani ya mwimo, ule ubao wa fremu unaosimama kando ya mlango. Tena haukutoka juu, ulitoka chini kabisa, karibu na sakafu. Uligonga mara nne: ko, ko, koko. Mbili za mwanzo zilikuwa mbalimbali, mbili za mwisho zilishikana kana kwamba ni moja iliyovutwa, kama mtu asemaye shi-ka-moo. Kisha pakawa kimya, na kimya hicho kilikuwa kimya cha mtu anayengoja jibu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi Elinipa, akiendelea na maharage yake.

Aminiel alitoka mbio akazunguka nyumba. Udongo ulikuwa bado laini kwa mvua, na haukuwa na unyayo hata mmoja. Lakini ukutani, nyuma ya chumba cha mama yake, aliona kitu ambacho hakikuwapo wiki iliyopita: kichirizi cha udongo, chembamba kama penseli, kilichotoka ardhini, kikapanda juu ya msingi kwa mwendo wa kupindapinda na kuingia kwenye ufa chini ya dirisha. Alipumua kwa nafuu. Ni mchwa tu, na hao aliwajua. Mchwa hana jina, na asiye na jina hawezi kumsalimu mtu.

Jumamosi asubuhi alikuja Saning'o, fundi wa mchwa kutoka Ngaramtoni, Mwarusha mrefu wa miaka sitini na miwili, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Kabla hajagusa ukuta, aliweka mfuko wake chini mbele ya Aminiel na kuufungua.

"Baba Joel, kagua kwanza," alisema. "Kuna wateja husema mchwa niliwaleta mwenyewe."

Aminiel alikagua. Tabitha aliingia jikoni ili acheke akiwa peke yake.

Saning'o alifanya kazi yake kama daktari asiye na haraka. Alikunja mkono wa shati lake, akaanza kuugonga ule mwimo kwa mpini wa bisibisi, kutoka juu kushuka chini, akiwaambia wasikilize. Juu, ubao ulijibu kwa sauti nene, iliyojaa. Katikati sauti ilianza kulegea. Chini ilikuwa sauti ya kibuyu. Alionyesha mahali ambapo rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge la moto, kisha akauegemeza ubapa wa bisibisi hapo bila kutumia nguvu, nao ukazama kama kijiko kwenye uji. Alipoubandua ule mvimbo, walichoona ndani hakikuwa tundu. Ulikuwa udongo, umejaa, umeshikana, umesimama katika umbo lilelile la ubao, na kilichobaki cha mti kilikuwa ngozi ya rangi tu.

"Ndivyo walivyo," alisema Saning'o. "Hawaachi nafasi wazi. Wanachokitoa wanakijaza, ili kwa nje usijue."

Ikatoka harufu ya uyoga na ya kaburi jipya.

Tabitha alikumbuka kwamba Jumapili iliyotangulia, mvua ilipokatika, alifagia mabawa mengi dirishani, akadhani ni ya sisimizi wanaoruka. Alikuwa amehifadhi machache kwenye kifuniko cha kopo, kwa kuwa aliishi na mtu anayetaka ushahidi. Saning'o aliyapanga kiganjani. Yote manne yalikuwa na urefu mmoja. Alieleza kwamba sisimizi mwenye mabawa huwa na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno chake kimekatwa, na pembe zake zimekunjwa kama kiwiko; lakini kumbikumbi hana kiuno, pembe zake zimenyooka kama shanga kwenye uzi, na mabawa yake yanalingana. Wale walikuwa kumbikumbi. Na kumbikumbi wakitokea ndani ya nyumba, alisema, maana yake nyumba haikuvamiwa kutoka mbali. Kiota kiko chini yake.

Aminiel aliuliza kuhusu ule mlio wa kugonga. Fundi alikubali kwamba askari wa mchwa hugonga vichwa vyao kwenye mti wanaposhtuliwa. Aminiel akamgeukia mkewe kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Lakini Saning'o alikuwa bado hajamaliza. Alisema kwamba askari hugonga kwa haraka na kwa fujo, kama changarawe juu ya bati. Hawagongi mara nne. Na hawanyamazi kumngoja mtu.

Kisha alitoka nje, akakivunja kile kichirizi kwa kidole, kipande cha urefu wa shubiri moja. Alieleza kwamba hiyo ndiyo njia ya kujua kama wako hai: wakiwa hai, baada ya siku moja au mbili watakuwa wamekijenga upya. Akaenda bombani kunawa mikono. Aliporudi, kile kipande kilikuwa kimejengwa, na kilikuwa bado kinang'aa kwa umajimaji.

Saning'o alichuchumaa, akakitazama kwa karibu.

"Hapa palikuwa na kichuguu?" aliuliza.

"Kilikuwepo," alijibu Tabitha. "Lakini malkia alitolewa kabla ya msingi. Baba Joel alimwona kwa macho yake, mkubwa kama kidole gumba."

Aminiel alirekebisha ukosi wa shati lake, akasema kwamba dawa imwagwe, maana jua linapanda.

Ukweli ni kwamba malkia hakuwahi kutolewa. Miaka minane iliyopita, mvua ilipokuwa ikikaribia, vibarua walikikata kile kichuguu hadi usawa wa ardhi, kisha wakaweka majembe chini. Walisema kilikuwa kikubwa kuliko umri wa mtaa, kwamba wazee wa pale walikuwa wakikipita kwa heshima, na kwamba wasingechimba chumba cha ndani mpaka aitwe mtu wa kukiombea ruhusa. Aminiel hakutaka kungoja. Aliagiza zege limwagwe juu yake siku hiyohiyo, akamwambia mkewe alichomwambia, na juu ya mahali pale akajenga chumba cha mama yake. Katika nyumba ile alikuwa amemshuku kila mtu kwa zamu, isipokuwa huyo mmoja aliyejua habari hiyo.

Dawa ilimwagwa kuizunguka nyumba yote. Jumapili ilipita kimya. Jumatatu, Tabitha alipokuwa akimwosha mama mkwe wake miguu, alikuta udongo laini katikati ya vidole, ingawa Bibi hakuwa ametoka nje tangu Ijumaa. Saa nane na dakika sita ilipofika, mzee aliitikia tena.

Jumanne kulikuwa na mstari. Ulianzia kwenye kisigino cha kulia, mwembamba, wa rangi ya kahawia, ukapanda juu ya muundi kwa mwendo wa kupindapinda. Tabitha aliusugua kwa sabuni ukatoka. Alasiri ulikuwa umerudi, na mwingine umeanza mguu wa kushoto. Tabibu wa zahanati, aliyeombwa kuja nyumbani, aliangalia kwa makini, akasema ngozi imekauka na damu haifiki vizuri miguuni, jambo la kawaida katika umri wa miaka themanini na mmoja, akaandika mafuta ya kupaka. Hakukosea kwa alichokiona. Mchungaji naye alikuja akasali, na Bibi Elinipa alimshukuru, akamkosoa kidogo namba ya zaburi.

Jioni hiyo Tabitha alikuwa akimnywesha uji, na kikombe cha bati kikamponyoka, kikagonga muundi wa mzee. Aminiel, aliyekuwa mlangoni, aligeuka kwa ule mlio. Ulikuwa mlio wa kibuyu.

"Umeumia, Mama?" aliuliza Tabitha kwa sauti ndogo.

"Sijasikia kitu," alisema Bibi Elinipa. Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza kwa utulivu, "Ni yule mtoto. Ananishika miguu. Si ndivyo maneno yenyewe yanavyosema, kwamba nashika miguu yako? Miaka yote hii nilidhani ni maneno tu."

Aminiel alisema mama ahamishwe mara moja, apelekwe mlimani kwa Susana, dada yake. Wakamshika kwapani, mmoja huku na mwingine huku, wakainua. Mwili uliinuka lakini miguu haikuinuka. Haikuwa mizito, ilikuwa imeshika, kama mche ulioanza kupata mizizi. Tabitha alipiga magoti akaangalia chini ya nyayo, na hapo akaona nyuzi nyembamba za udongo, nyingi kama nywele, zikitoka kwenye ngozi na kuingia kwenye ufa wa sakafu. Alikata moja kwa kucha. Mzee hakushtuka, lakini ndani ya mwimo kitu kilikwaruza, mara moja, kwa hasira.

Usiku ule Tabitha alilala sakafuni kando ya kiti cha mama mkwe wake. Asubuhi mistari ilikuwa imefika magotini. Paskalina, jirani wa upande wa pili wa ua, alimwambia kwa kunong'ona juu ya michongoma kwamba hilo ni jini la kichuguu, kwamba halipandi haraka lakini halirudi chini, na kwamba likifika kifuani anayebaki kitini huwa si mama tena. Huwa ni umbo lake. Tabitha hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa ameuona ule ubao.

Saning'o, aliyeitwa tena na Tabitha, alirudi Jumatano, tarehe 20, saa saba na nusu, bila mfuko wa dawa. Alikuwa amevaa shuka lake na kushika fimbo, kama mtu aendaye kwenye kikao. Alimsalimu Bibi Elinipa, akimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaa, na mzee aliinamisha kichwa bila kuitikia, maana fundi alimwekea mkono begani, akamnong'oneza asitamke neno marahaba tena ndani ya chumba kile mpaka atakapoambiwa. Kisha alivuta kigoda, akaketi akiutazama mwimo, akaanza kuzungumza nao kwa upole, kama mtu anayemhoji mgeni aliyekutwa zizini.

"Wewe unayemsalimu mzee huyu," alisema, "unasema u mdogo wake. Nataka kujua rika lako."

Kwa Waarusha, mwanamume hapimwi kwa miaka. Hupimwa kwa rika alilotahiriwa nalo, na ukishajua rika lake unajua nani amsalimu nani, nani aketi na nani asimame. Saning'o alisema angeyataja marika kuanzia la wadogo zake kwenda nyuma, na huyo aliye ndani ya ubao agonge atakaposikia lake.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili. Alitaja Korianga, na ubao ukanyamaza. Alitaja Makaa, rika lake mwenyewe, na ubao ukanyamaza. Alitaja Seuri, wanaume waliokuwa vijana Bibi Elinipa alipokuwa binti, na hapo aliacha nafasi ndefu zaidi, kwa maana kama msalimiaji alikuwa mdogo wa mzee, hapo ndipo pa mwisho alipoweza kujificha. Ubao ukanyamaza. Tabitha alishika mkono wa mama mkwe wake. Saning'o alitaja Nyangusi, akataja Terito, na sauti yake ilianza kushuka kwa kuwa sasa alikuwa akiwaita watu waliokwisha kufa, akataja Tareto, akataja Talala, akiacha baada ya kila jina pumzi moja iliyozidi kuwa ndefu, huku harufu ya uyoga ikipanda kutoka sakafuni na rangi ya mwimo ikianza kuvimba polepole kutoka chini kwenda juu mfano wa koo la mtu anayemeza, akaendelea na majina aliyofundishwa na babu yake na ambayo babu yake alifundishwa na wa kwake, majina ambayo hakuna mtu aliye hai aliyemwona hata mmoja wa wenyewe, mpaka akafika kwenye jina la mwisho alilokuwa nalo, akalitaja, akangoja, na ubao ukanyamaza, naye akafumba mdomo kwa sababu hakuwa na jina jingine.

Ndipo ubao ukagonga mara moja tu, kwa upole, kama anayesema: endelea.

Saning'o aliweka fimbo yake chini. 

"Huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni mkubwa kuliko sisi sote na waliotuzaa. Mkubwa akimsalimu mdogo, hiyo si adabu tena, ni laana. Alikuwa mwenyeji hapa. Mtu alijenga juu ya kichwa chake bila hodi, na kwa miaka minane hakuna aliyemwamkia. Amechoka kungoja, akaanza yeye." Akamgeukia Tabitha, si Aminiel. "Mama Joel, nitauliza tena. Malkia alitolewa?"

Tabitha alimtazama mumewe. Aminiel alitazama sakafu, kisha dirisha, kisha uso wa fundi, kama mtu anayetafuta kwenye rafu kitu anachojua hakipo.

"Hakutolewa," alisema. "Nilimwaga zege juu yake."

Tabitha hakupaza sauti. Alisema tu, "Uliniambia alikuwa mkubwa kama kidole gumba."

Bibi Elinipa aligeuza uso kuelekea mwimo. Alisema kwamba kama ni salamu inayotakiwa, ataitoa yeye, kwa kuwa amebakiza siku chache na miguu ya kupeleka mahali hana tena. Akajaribu hata kutabasamu. "Miaka themanini na mmoja naitikia watoto," alisema, "na leo nianze kuuamkia mlango. Haya."

"Hukujenga wewe, Koko," alisema Saning'o.

Hakumtazama Aminiel. Saa ya ukutani sebuleni ilikuwa ikisikika. Aminiel aliuliza nini kitatokea akisema. Fundi alijibu kwamba hajui. Alijua kwamba shikamoo ikishatoka, mtu ameshika; namna ya kumwachisha aliyeshika hakuwahi kufundishwa. Aminiel aliuliza kama ingewezekana kuvunja sakafu, kuchimba, kumtoa malkia sasa. Saning'o alimwonyesha kwa kidole miguu ya mama yake, ambayo mistari yake ilikuwa imeshavuka magoti na kuingia chini ya gauni, na mzee alikuwa ameanza kupumua kwa shida, akiinua mabega.

Aminiel alipiga magoti mbele ya mwimo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ilikuwa muda mrefu tangu alipomwamkia mtu. Aliweka viganja sakafuni. Akasema, "Shikamoo."

Ubao haukugonga. Ilikuja sauti, na ilitoka ndani ya udongo ule uliosimama kwa umbo la ubao, ikiwa ya taratibu, yenye subira na wema wa mtu aliyezoea kuitikia watoto kwa miaka mingi, na wote walioko chumbani waliitambua mara moja kwa sababu ilikuwa sauti ya Bibi Elinipa mwenyewe, iliyojifunzwa mchana mmoja baada ya mwingine kutoka kinywani mwake. Lakini Bibi Elinipa alikuwa ameufumba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

"Marahaba, mwanangu," ilisema.

Udongo ulianguka kutoka kwenye miguu ya mzee kwa vipande vikavu, kama maganda ya yai. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye joto, na alipoiminya Tabitha, mama mkwe wake alilalamika kwamba anamuumiza. Walimsimamisha akasimama. Alipiga hatua tatu, akatoka nje ya chumba kile, na hakurudi humo tena. Aminiel alibaki amepiga magoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mengi yamesemwa baada ya hapo, na mengi si sahihi.

Inasemwa kwamba Saning'o alikimbia akaacha fimbo. Hakukimbia. Alitoka kinyumenyume, polepole, kwa kuwa mbele ya mkubwa mtu hageuzi mgongo, na fimbo alitoka nayo. Ni kweli kwamba tangu siku ile hafanyi kazi Moshono.

Inasemwa kwamba Bibi Elinipa alifariki mwezi uleule. Bibi Elinipa yu hai kwa Susana, mlimani, hutembea mwenyewe hadi kanisani, na ametolewa mtoto wa jicho katika jicho moja. Akisalimiwa, humtazama kwanza anayemsalimu.

Inasemwa kwamba Tabitha alimwacha mumewe kwa hasira ya kudanganywa. Alikuwa na haki ya hasira hiyo, lakini alikaa naye wiki tano zaidi, na aliondoka kwa sababu Aminiel mwenyewe alimwamuru. Siku hiyo alimsindikiza mpaka mlangoni na hakuvuka kizingiti. Kama hakutaka au hakuweza, hilo halijathibitika.

Na la mwisho ni hili wanalolisema watoto wa shule wapitao pale, kwamba Mzee Aminiel ana kiburi, kwamba ukimsalimu haitikii. Ni vizuri watoto wasahihishwe. Anaposalimiwa, yeye huketi mlangoni, ndani ya kizingiti, mdomo umefungwa, akimtazama aliyesalimu kama mtu anayetaka kumsihi ayarudishe maneno yake. Lakini marahaba huitikiwa, kila mara, kwa sauti ya upole ya mwanamke mzee. Nayo hutoka chini, usawa wa nyayo zake.